Potemkin au Oktoba, uanze na ipi?

Ni filamu mbili za Eisenstein, mwongozaji wa Kisovieti, zote bubu, zote propaganda tupu wala hawajifichi. Mi nasema anza na Potemkin (1925) maana haifiki hata saa moja na nusu na stori inaeleweka hata ukiwa umechoka, mabaharia wanaletewa nyama ina funza, daktari wa meli anaikagua na miwani yake anasema iko poa ioshwe tu, basi hapo hata wewe uliyekaa kwenye kochi unataka kugoma. Halafu zile ngazi za mji wa bandari wa Odessa jamani, askari wanashuka kwa mstari wanafyatua, kigari cha mtoto kinaporomoka peke yake... miaka 100 hivi na bado inakaba roho. Ile bendera nyekundu nayo waliipaka rangi kwa mkono, kwenye muvi ya nyeusi na nyeupe!

Oktoba (1928) ni habari nyingine. Iliagizwa kwa ajili ya miaka 10 ya mapinduzi ya Urusi ya 1917, ina watu kibao, ila hakuna mhusika mmoja wa kumfuata, mara Kerensky, mkuu wa serikali iliyopinduliwa, mara tausi wa mashine anatanua mkia, ikimaanisha jamaa anajiona. Ukikosa historia kidogo utasinzia. Hata vipande vingi vyenye Trotsky, mmoja wa viongozi wa mapinduzi hayo, viliondolewa kwenye filamu kwa sababu ya siasa za Stalin. Lakini lile daraja linaloinuka na farasi mweupe aliyekufa ananing'inia, loh, hapo Potemkin inapata mpinzani.