Vidude vya felti vya kusafishia mtutu wa bunduki ya upepo, vimenitoa kwenye ujinga wa paundi 27

Wakuu, hii ni kwa wale wachache tulioko Uingereza tunaochezea bunduki za upepo wikiendi, na yeyote mwingine mwenye muda wa kusoma. Nimetumia vidude vya felti (sufu iliyogandamizwa) vya kampuni ya VFG tangu mwaka jana kwenye bunduki yangu ya upepo, HW95 ya springi, saizi milimita 5.5, hawa wanaiita .22, na navipa nyota nne na nusu kwa tano. Hiyo nusu niliyoikata nitaisema huko mbele.

Nianze na ujinga wangu kwanza. Mimi nimekulia Tabora, babu alikuwa na gobole, na kila akirudi porini lazima alioshe, maji ya moto yanamiminwa mtutuni, kitambaa kwenye kijiti, yanatoka meusi tii na ile harufu ya yai viza, halafu ndo anapaka mafuta. Sasa kichwani mwangu bunduki ni kitu cha kuoshwa. Nilivyonunua hii ya upepo nikajiambia nisipoisafisha kila Jumapili itaoza. Kumbe gobole linaoshwa kwa sababu ya baruti, mabaki yake yanavuta unyevu na kutafuna chuma, na hii ya kwangu baruti haina hata chembe! Kinachobaki ndani ni utando mwembamba wa risasi yenyewe, risasi yaani yale madini, inayosuguliwa kutoka kwenye peleti, vile vijirisasi vya bunduki ya upepo, na utando huo ukiwa kidogo mtutu unautaka, peleti zinapita kwa namna ileile kila mara. Ni ukizidi ndo shida.

Basi nikaingia mtandaoni nikaagiza seti ya kusafishia, duka silitaji, fimbo ya chuma vipande vitatu vya kuunga, brashi ya waya, na kichupa cha mafuta ambacho hakikuandikwa hata ni mafuta ya nini. Paundi 27 zikaenda. Vile viungo vya fimbo ukipitisha kidole unasikia kingo zinakwaruza kabisa, na mimi nikawa naisokomeza kuanzia mdomo wa mtutu, nasugua kama nazibua sinki. Ule ukingo wa mdomoni ndo kitu cha mwisho peleti inachogusa ikitoka, ukipata kibonyeo upande mmoja hewa inatangulia kutokea hapo na peleti inasukumwa pembeni. Na chuma cha hizi mitutu ni laini, sio cha kupigana nacho.

Halafu mafuta. Nikamimina bila huruma, nikasimamisha bunduki kwenye kona mdomo juu, yakashuka taratibu mpaka kwenye silinda. Kesho yake nafyatua risasi ya kwanza, paaa! mlio wa ajabu, moshi wa bluu unatoka mdomoni, harufu kama mtu kaunguza sufuria. Nikajua nimeipasua. Ilivyo ni kwamba ukifyatua, springi inasukuma pistoni, inakandamiza hewa ghafla, joto linapanda, na kama kuna mafuta yanalipuka humo ndani, kazi ileile ya injini ya dizeli, na wenyewe wanaiita hivyohivyo, dizeli. Inaua springi na sili, ile pete inayozuia hewa isivuje, na ubaya wa pili ni kwamba nguvu inapanda juu, na hapa England mwisho wa bunduki ya upepo isiyo na leseni ni nguvu ya futi-paundi 12, kama joule 16 hivi, ukipita hapo umeshika silaha ya leseni bila leseni. (Scotland ni habari nyingine, kule tangu 31 Desemba 2016 hata hizi ndogo zinataka cheti. Na mlioko nyumbani ulizeni polisi kabla hamjanunua chochote, msije mkaniponza.)

Aliyenionesha felti ni mzee mmoja wa klabuni, mzungu wa watu, kaona ile fimbo yangu akafumba macho. Akanipa viwili mfukoni mwake. Ni kidude kidogo cheupe cha sufu iliyogandamizwa, kama kile kitambaa kigumu cha kofia za pama, kimekatwa duara kwa saizi ya mtutu. VFG wenyewe wako Giengen, Ujerumani, mji huohuo wa Steiff wa midoli ya dubu, na Steiff nao walianzia kwenye kushona felti, kwa hiyo mji mzima unajua sufu. Nilipenda hiyo habari sijui kwa nini.

Wengi wenye bunduki za mtungi wa hewa wanavifyatua tu kama peleti. Ya springi kama yangu angalia, felti moja ni nyepesi mno, pistoni inakwenda kugonga mbele kama vile umefyatua tupu, ndo maana watu wanaweka viwili vitatu kwa pamoja. Mimi sifyatui kabisa, navuta. Nachukua uzi wa nailoni wa mashine ya kufyekea nyasi, ule mwembamba, kama mita moja, mwisho mmoja nauchoma na kiberiti cha gesi mpaka ufanye kinundu, felti naitoboa katikati kwa shazia, napitisha uzi mpaka felti ikae juu ya kinundu. Ncha nyingine naikata mshazari. Hapo kamba ya kuvuta imekamilika, gharama senti kadhaa.

Kabla ya yote nahakikisha hakuna peleti ndani. Navunja mtutu, yaani naukunja kwenye kiungo chake, kidogo tu, kiasi cha kuona tundu la nyuma, siukunji mpaka springi inase, kwa sababu bunduki iliyokokiwa ikiwa wazi na ukagusa triga mtutu unaruka juu wenyewe, na vidole vikiwa pale utavisimulia. Naangalia mwanga kutokea nyuma kwenda mbele, mdomoni sichungulii hata iweje. Uzi unaingia nyuma unatokea mdomoni, navuta moja kwa moja bila kurudisha. Ya kwanza inatoka kijivu ya penseli kabisa, hiyo ndo risasi. Ya pili naipa tone moja la Ballistol, mafuta ya bunduki, tone kweli, naikamua kwenye tishu kwanza. Kisha kavu mbili tatu mpaka itoke karibu na nyeupe. Dakika kumi, chai bado ya moto, ila chai yenyewe usiiguse mpaka unawe kwa sabuni, ile rangi ya kijivu ni sumu, na felti chafu nafunga kwenye mfuko natupa, mtoto wangu ana miaka minne kila kitu cheupe kwake ni pipi.

Wa mitungi ya hewa, mafuta yoyote yatokanayo na petroli yasisogelee sehemu ya hewa. Hewa ya bar 200 na mafuta havikai nyumba moja. Oringi, zile pete za mpira za kuzuia hewa, zinapakwa silikoni.

Matokeo sasa. Kabla, kwenye yadi 25, peleti tano zilikuwa zinafunikwa na sarafu ya peni 5, baadaye zikafungua mpaka sarafu ya peni 2 haitoshi, nikawa nalaumu darubini, nalaumu upepo, nalaumu macho. Nimevuta felti tano, peleti za kwanza ishirini hivi zikatawanyika ovyo nikataka kulia, mzee akasema endelea, mtutu unajipaka upya. Kweli, zikarudi karibu kabisa na peni 5, sio kama zamani, na naamini hapo ni ile fimbo yangu ya chuma imeacha alama yake. Sasa hivi sisafishi kwa kalenda, nasafisha shabaha ikifunguka, mara tatu nne kwa mwaka imetosha.

Nusu nyota nimekata kwa sababu felti ni ya kutumia mara moja, ukirudia unarudisha uchafu ndani, kwa hiyo ni kitu cha kununua tena na tena. Bei yake hata hivyo haiumi ukilinganisha na zile 27. Fimbo sikuitupa, imesimamisha mche wa nyanya nyuma ya nyumba.

Mkiagiza someni saizi, 4.5 ni za .177 na 5.5 ni za .22. Mimi mara ya kwanza niliagiza 4.5 usiku nina usingizi, zikapita mtutuni bila kugusa ukuta, nikampa yule mzee maana yeye ndo ana .177.