Kujifunza ufundi magari kama saidia fundi: rivyu kwa anayetaka kuanza

Naulizwa sana kama kujifunza umakanika kwa kuingia gereji kama saidia fundi bado kunalipa, hasa sasa hivi ambapo gari imejaa kompyuta na za umeme zinazidi kuongezeka barabarani. Naona bora nitoe rivyu kamili, maana haya mafunzo nayo ni huduma, wewe unatoa miaka yako na nguvu zako wao wanakupa ujuzi, kwa hiyo una haki kabisa ya kuuliza umepewa nini. Mi nimepita gereji kwanza, chuo baadae, na sasa nipo kazini na nina madogo wanaojifunza chini yangu. Mafunzo yanayochanganya gereji na darasa nayapa 4 kati ya 5. Gereji tupu bila darasa 3. Chuo tupu bila gereji 2.

Nianze na gereji. Kitu ambacho gereji inafundisha vizuri kuliko sehemu yoyote ni mikono na masikio, yaani hakuna kitabu kitakachokufundisha mlio wa beringi ya tairi iliyochoka, ule uvumaji unaopanda kadiri spidi inavyopanda alafu unabadilika ukikata kona upande mmoja, au boljointi inayogonga ukipita kwenye tuta, au harufu ya klachi iliyoungua ambayo ukishainusa mara moja huisahau tena. Nati iliyoshika kutu utajua lini uipulizie dawa uisubiri, lini uipige moto, na lini uache kulazimisha kabla bolti haijakatikia ndani. Hivi vitu vinaingia kwa kurudia tu. Mtu aliyekaa gereji yenye magari mengi anakuwa na mikono ambayo mwenzake wa chuo hana, na hilo silipunguzi hata kidogo.

Tatizo la gereji ni nani anakufundisha na anataka ujue kiasi gani. Kuna mafundi, na nimefanya kazi chini ya mmoja wao, mkifika sehemu nyeti anakutuma. Anafungua injini na wewe upo, mnatoa hedi pamoja, unaosha vyuma vyote, alafu ikifika saa ya kupanga taiming, yaani kufunga mkanda unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, anakwambia hebu kimbia kalete sabuni, ukirudi mkanda umeshafungwa na kava imerudi. Ukiuliza unaambiwa utajua tu taratibu. Nilikuwa najua kufungua na kufunga karibu kila kitu na bado sijui kwa nini gari ilikuwa haiwaki. Ufundi wenyewe uko hapo kwenye kwa nini, na gereji inayokuficha hapo inakutumia kama nguvu kazi ya bei rahisi, haijakufundisha.

Kufungua na kufunga mtu yeyote mwenye akili timamu atajifunza. Pesa na heshima ya hii kazi viko kwenye kutafuta ugonjwa. Chukua mfano gari imewasha taa ya injini, unachomeka skana, kifaa cha kusoma makosa ya gari, inakupa kodi, yaani namba ya kosa, P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi mafuta machache. Fundi aliyejifunza kwa kukariri anaona neno oksijeni kwenye maelezo anaenda kununua sensa ya oksijeni, anafunga, anafuta kodi, wiki ijayo taa imerudi na mteja amekasirika, na ile sensa ya zamani ilikuwa nzima, ilikuwa inafanya kazi yake ya kutoa taarifa. Aliyefundishwa kufikiri anaangalia kompyuta inaongeza mafuta asilimia ngapi injini ikiwa inaunguruma taratibu, alafu anapandisha mzunguko wa injini mpaka kama 2500 kwa dakika anaangalia tena. Ikiwa namba inakuwa kubwa ikiunguruma taratibu na inashuka ukipandisha, hapo tafuta hewa inayoingia kwa kuiba, paipu ya vakyumu iliyopasuka au gasketi ya menifoldi. Ikiwa inazidi kuwa mbaya kadiri injini inavyofanya kazi, hapo fikiria pampu ya mafuta, filta, au sensa ya kupima hewa iliyochafuka. Kodi ni ile ile, skana ni ile ile, na mmoja amebadilisha paipu ya hela ndogo wakati mwingine kamtia mteja hasara. Skana inakwambia gari inalalamika nini, haikwambii ubadilishe nini. Hii sentensi nawarudia madogo zangu mpaka wanachoka.

Hapo ndo chuo kinapoingia. Chuo kilinipa umeme, na kama si chuo nadhani mpaka leo ningekuwa namuogopa waya. Kanuni ya Ohm darasani inaonekana kitu cha mtihani tu, mpaka siku unapata gari inayopiga stata kwa uchovu na betri ukiipima ina volti 12.6, yaani imejaa. Wengi hapo wanashusha stata. Ukiwa umefundishwa kupima upotevu wa volti unaweka waya mmoja wa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye injini na mwingine kwenye hasi ya betri, mtu anapiga stata, ukiona inazidi nusu volti basi umeme unapotelea kwenye waya wa athi, unafungua unasafisha pale ulipofungiwa unarudisha, kazi imeisha. Kusoma michoro ya nyaya pia nilikipata darasani, na naweza kusema ndo kitu kimoja kilichobadilisha kabisa ninavyofanya kazi, maana gari ya sasa usipojua kusoma mchoro unabaki kukata waya kwa kubahatisha.

Ubaya wa chuo, angalau nilichosoma mimi, vifaa vilikuwa nyuma. Tulikaa sana kwenye karbureta, kile kifaa cha magari ya zamani cha kuchanganya mafuta na hewa, na injini za kufanyia mazoezi zilikuwa zimefunguliwa na kufungwa na kila kundi lililotutangulia mpaka bolti zinalegea zenyewe, wakati mwanafunzi anahitaji kukutana na bolti iliyogoma. Skana ilikuwa moja darasa zima. Mwalimu alikuwa mzuri, anajua, ana moyo, ila kama hukupata nafasi ya kushika unaondoka na daftari tu. Ndo maana chuo peke yake nimekipa 2.

Nchi zinazofanya vizuri hawaachi mtu achague kimoja. Ujerumani kijana anaajiriwa na gereji kwa mkataba wa mafunzo, analipwa posho, anafanya kazi gereji na kuhudhuria shule ya ufundi kwa muda huo huo, miaka 3 na nusu. Tena tangu 2003 waliunganisha fundi makanika na fundi umeme wa magari kuwa kazi moja, kwa sababu walishaona gari haigawanyiki hivo tena. Marekani cheti cha ASE, kinachothibitisha ujuzi wa fundi magari, hukipati kwa kufaulu karatasi tu, kwa kawaida lazima uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 2, alafu kila baada ya miaka 5 unarudi kuthibitisha kwamba bado unajua. Hicho kipengele cha kurudi nakipenda sana, maana fundi aliyeacha kusoma anapitwa bila kujijua. Mfumo wa kusoma makosa ya gari kwa soketi ya pini 16 ulilazimishwa Marekani kuanzia magari ya 1996, na bado hadi leo kuna mtu anajiita fundi mkuu na hajui kusoma data zake zaidi ya kufuta kodi.

Usalama nao gereji nyingi hawafundishi na mi nalichukulia kwa uzito mkubwa. Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndo za kushikilia, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kama fundi mkubwa anafanya hivo kila siku. Vumbi la breki usilipulize kwa hewa, pedi na shuu za zamani zilikuwa na asbesto. Injini isiachwe inaunguruma ndani ya banda lililofungwa, ule moshi una gesi isiyo na harufu na inaua. Oili chafu ioshe kwenye ngozi mapema, ukiiacha ikukae mikononi miaka na miaka inaweza kuleta saratani. Ukiona gereji dogo anaambiwa aingie chini ya gari na hakuna stendi, ondoka siku hiyo hiyo, usisubiri mwisho wa mwezi.

Sasa swali ambalo kila mtu analo, gari za umeme zitaua kazi? Jibu langu ni hapana, ila zitaua aina fulani ya fundi. Gari ya umeme haina oili ya injini, haina plagi, haina mkanda wa taiming, haina klachi, na breki zake zinakaa zaidi kwa sababu mota yenyewe inapunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Kwa hiyo kama unachojua ni kumwaga oili na kubadilisha plagi, kazi yako itapungua kweli. Lakini ile gari ni nzito, inakula tairi, ina bushi, shokapu na boljointi kama gari nyingine yoyote, ina mfumo wa kupoza betri, ina eyakondishini, na ina betri ndogo ya volti 12 ambayo ikifa gari lote linakuwa kama limekufa. Alafu hamna mtu atakayeondoa magari yote ya petroli na dizeli kwa siku moja, yaliyopo yatatembea na yatahitaji fundi kwa miaka mingi.

Ila hapa lazima niwe mkali. Betri kubwa za hizi gari ni za volti kama 400 na nyingine 800, na chochote kinachozidi volti 60 za umeme wa moja kwa moja (DC, kama wa betri) kwenye gari kinahesabiwa kuwa cha hatari. Nyaya zake ni za rangi ya chungwa ili kila mtu azione. Kabla ya kugusa unazima, unatoa plagi ya usalama, unasubiri muda uliotajwa na mtengenezaji ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe, alafu unapima kuhakikisha hamna kitu, na glavu zenyewe ni maalum zinazohimili volti 1000, tena unazikagua kama zimetoboka kabla ya kuvaa. Hii usijifunze kwa kuchungulia bega la mtu. Tafuta kozi yenye mwalimu aliyethibitishwa. Na ukiipata hiyo kozi, umejiweka mahali pazuri sana, maana haibridi, gari zenye injini na mota ya umeme pamoja, zipo sokoni tangu Toyota Prius ya 1997 na bado wanaozishika kwa kujiamini ni wachache kuliko wanaozikwepa.

Baada ya mafunzo kazi haiishii kwenye kufungua gereji yako, japo wengi ndo ndoto yao na ni ndoto nzuri. Unaweza kubobea kwenye umeme wa magari, gia boksi za otomatiki, pampu na nozeli za dizeli, eyakondishini, au kupanga upya kamera na rada za gari, maana siku hizi ukibadilisha kioo cha mbele chenye kamera lazima ile kamera ipangwe upya la sivyo gari inaweza kushika breki pasipotakiwa. Kuna kusimamia magari ya kampuni, kuna kukagua magari ya ajali kwa ajili ya bima, kuna kuuza spea kwa mtu anayejua anachouza, kuna kufundisha. Ila miaka ya mwanzo posho ni ndogo, mgongo na magoti yanauma, na sehemu nyingi unatakiwa ununue vifaa vyako mwenyewe. Usikimbilie boksi kubwa la kung'aa. Anza na spana na soketi zinazotumika kila siku, 10, 12, 14, 17 na 19 kwa magari mengi ya Kijapani, 13, 16 na 18 pamoja na soketi za nyota ukishika ya Kizungu, alafu hela inayofuata iende kwenye multimita nzuri kabla ya mapambo mengine yote. Toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, azima kwanza, ila itumie, bolti za hedi hazikazwi kwa kukisia.

Ukienda kuomba nafasi usiulize posho peke yake. Muulize mwenye gereji baada ya mwaka saidia fundi wake anafanya nini, nani anashika skana, kama kuna siku ya kwenda darasani, kama watakusainia kitabu cha kazi ulizofanya, maana bila rekodi ukienda kwingine unaanza upya. Alafu ongea na madogo wanaojifunza pale, peke yao, wakiwa wanaosha vyuma. Mwombe mmoja akueleze gari la mwisho lililoingia lilikuwa na ugonjwa gani na waliujuaje. Akikuelezea jinsi ulivyopatikana, hatua kwa hatua, hiyo nafasi ichukue hata kama posho ni ndogo kuliko ya gereji ya pili. Akikwambia sijui, fundi ndo anajua, na ana mwaka mzima pale, endelea kutafuta.