Kliniki ya mazoezi tiba: nzuri, ila hizo ngazi!

Bodaboda iliteleza kwenye mchanga, nikavunjika muundi wa kushoto. P.O.P, ile plasta ngumu, ilipotolewa, shavu la mguu lilikuwa limenywea, nami naogopa hata kugusa sakafu. Mama mkwe alishatoa amri: usikanyage mpaka mfupa ukauke.

Dada wa mazoezi alileta mizani ya kawaida ya kupimia uzito. "Weka mguu, sukuma mpaka kilo 15. Ikifika, acha." Nikatetemeka, mshale ukafika. Wiki iliyofuata tukapanda kilo 25.

Nilimuuliza kwa nini asiniache nipumzike. Akasema mfupa ni hai: ndani yake kuna seli, osteosaiti, zilizounganishwa kwa nyuzi nyembamba. Ukikanyaga, mfupa unapinda kidogo mno, majimaji ya kwenye vijifereji yanasogea, seli zinahisi, kisha zinaziita zile za kujenga. Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujiunda kufuata mzigo unaoubeba. Ndiyo maana wanaanga hupoteza mifupa huko juu wasikokanyaga kitu. Ila ukizidisha mapema, pale palipovunjika panachezacheza na mfupa haushiki. Kwa hiyo kilo zinahesabiwa.

Sasa lawama. Kliniki ya watu wenye magongo iko ghorofa ya pili, lifti hakuna! Nilipanda kwa makalio, ngazi moja moja, mlinzi kanibebea magongo. Na miadi ya saa tatu unaingia saa tano.

Juzi nimetembea hadi sokoni bila gongo. Nyota nne.