Shoti ya moyo kwa AF ya miaka mingi: inalipa kuifuata kutoka Mtwara?

Huduma tunayoipima hapa inaitwa kadiovesheni, ingawa wodini husemwa tu "kupigwa shoti". Mgonjwa analazwa usingizi wa dakika chache, pedi mbili zinabandikwa kifuani, umeme unapita, na moyo uliokuwa ukidunda ovyo, hali inayoitwa AF (atrial fibrillation), unarudi kwenye mdundo wake. Rufaa za moyo zinazozidi uwezo wa huku kusini humalizikia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara mjini na kama 450 kutoka Lindi. Nauli, malazi na ndugu wa kumsindikiza mgonjwa vyote vimo kwenye gharama. Ndiyo maana mwenye AF ya miaka mingi ana haki ya kujua anafuata nini kabla hajakata tiketi.

Mdundo unaweza kurudi, hata baada ya mwaka na zaidi. Kazi ni kuufanya ubaki. AF ikipita siku 7 haitegemewi tena kuacha yenyewe. Ikipita miezi 12 inahesabiwa ya muda mrefu. Katika muda huo atria ya kushoto, yaani chumba cha juu cha moyo upande huo, hutanuka na misuli yake huota kovu, na kovu ndilo linaloendelea kuivuruga njia ya umeme baada ya shoti kuisha. Kwa hiyo karatasi ya eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ina uzito kuliko mashine yoyote. Tafuta kipimo cha atria ya kushoto: ikizidi sentimita 5, matumaini yanapungua sana. Hata kwa wanaotumia dawa ya kulinda mdundo, karibu nusu hurudi kwenye AF ndani ya mwaka, wengi wao katika wiki za mwanzo kabisa.

Utafiti wa AFFIRM wa mwaka 2002, uliofuatilia wagonjwa 4,060 wa Marekani na Kanada, haukuona waliorudishiwa mdundo wakiishi zaidi ya wale waliopunguziwa tu kasi ya mapigo. Mwaka 2020 utafiti wa EAST-AFNET 4 ulionyesha faida ya kuurudisha mdundo, lakini kwa waliowahi ndani ya miezi 12 tangu wagundulike. Mwenye miaka minane ya AF asijihesabu humo.

Sasa maandalizi, ambako huduma hii huharibika mara nyingi. Damu iliyotuama kwenye kifuko cha atria hufanya bonge. Mdundo ukirudi, bonge linasukumwa hadi kwenye ubongo, na hicho ni kiharusi. Kinga yake ni wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ikae kati ya 2 na 3 kwa wiki tatu mfululizo. Neno zito hapo ni mfululizo: wiki ya pili ikisoma 1.6, hesabu inaanza upya, na basi la Dar linasubiri. Pima kila wiki huku huku kusini, andika kila jibu na tarehe yake, usiondoke bila hiyo karatasi. Hospitali yenye eko ya kupitishwa kooni inaweza kukagua kifuko na kufupisha kungoja, lakini bonge likionekana hakuna shoti siku hiyo.

Kisamvu na majani ya kunde havikatazwi. Kinachovuruga wafarini ni kula leo sufuria nzima, kisha wiki mbili usiguse. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya dukani, kwa ajili ya mgongo ni hatari ya kutoka damu. Na msimu wa mabibo, uraka una lake: pombe nyingi huamsha AF hata kwa aliyekwisha kurudishwa kwenye mdundo. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda zisizohitaji INR ni nafuu ya usumbufu, ila mwenye valvu ya mitrali (mlango wa damu upande wa kushoto wa moyo) iliyobana kwa ugonjwa wa rumatiki abaki na wafarini. Utafiti wa INVICTUS wa 2022 uliwakuta wagonjwa wa valvu za rumatiki waliopewa rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo mpya, wakiwa na hali mbaya zaidi.

Kwa AF ya muda mrefu, daktari makini huanzisha amiodaroni, dawa ya kulinda mdundo, wiki kadhaa kabla, maana shoti tupu haidumu. Hapa kuna mtego: amiodaroni huongeza nguvu ya wafarini, na dozi ya wafarini huenda ikapunguzwa kwa theluthi moja au hata nusu. Asiyeambiwa hili hufika na INR ya 6 na fizi zinazotoka damu. Kabla ya kuianza, na kila baada ya miezi sita, pimwa tezi ya shingo na ini.

Siku yenyewe ni nyepesi. Hakuna chakula kwa saa 6, maji matupu mwisho saa 2 kabla. Potasiamu ipimwe, na aliye kwenye digoksini, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, akiwa na kichefuchefu au akiona rangi ya njano, aahirishwe. Nywele za kifua zinyolewe, la sivyo pedi haishiki na ngozi inaungua. Kisha fundi anabonyeza kitufe cha kusawazisha, na alama ndogo inatokea juu ya kila wimbi la R, ncha ndefu ya kila pigo la moyo, kwenye skrini. Alama isipokaa sawasawa, asipige: umeme ukiangukia wimbi la T, kilima kidogo kinachofuata, unaweza kuusimamisha moyo kabisa. Kuanza na jouli 200 ni busara. Kitufe cha shoti kinashikiliwa, kwa sababu mashine inangoja wimbi la R. Fundi akiachia mapema hudhani imeharibika. Na mashine nyingi hujizimia usawazishaji baada ya kila shoti, kwa hiyo kitufe cha kusawazisha kinabonyezwa tena kabla ya shoti ya pili. Ikishindwa, pedi zihamishwe, au zikandamizwe kwa mwenye kifua kikubwa.

Hukumu yetu: mwenye AF ya miezi, atria isiyotanuka sana na anayehema kwa kupanda ngazi, aifuate mapema. Mwenye miaka mingi aiombe kama jaribio, aone kama anajisikia nafuu mdundo ukiwepo. Asiyehisi chochote, mwenye atria ya sentimita 6, atapata karibu faida ileile kwa bisoprololi, dawa ya kupunguza kasi ya mapigo, na wafarini bila kuvuka Rufiji.

Baada ya shoti usipande basi siku hiyo, lala. Atria hubaki imezubaa kwa wiki kadhaa hata mdundo ukiwa safi, kwa hiyo wafarini inaendelea wiki 4 kwa uchache, na mwenye presha, kisukari, miaka zaidi ya 65 au kiharusi cha zamani anaendelea nayo hata kama moyo umetulia. Rudi na ECG (karatasi za kipimo cha umeme wa moyo) mbili, ya kabla na ya baada, uzikabidhi kliniki ya nyumbani.