Mizinga ya Fort Jesus: mchukue mtembeza wageni anayeijua baruti

Ukiingia Fort Jesus ya Mombasa peke yako, mizinga utaipapasa, utapiga picha, utapita. Safari hii nilimchukua mzee mmoja wa Mji wa Kale anayetembeza wageni, nikamwambia mapema: ya Wareno kuanza kuijenga ngome mwaka 1593 nayajua, nataka kujua baruti ilipimwaje.

Alifurahi waziwazi. Akanisimamisha kwenye mdomo wa mzinga akaanza na mchanganyiko: shura (ile chumvi ya baruti) 75 kwa mia, makaa 15, salfa 10. Ya mzinga ilikuwa ya punje kubwa, iungue polepole. Ya bunduki, punje ndogo. Kufikia karne ya 18 kipimo cha kawaida cha mzinga kilikuwa kama theluthi ya uzito wa tufe, yaani tufe la ratili 12 kwa baruti ratili 4. Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki gesi, hubaki moshi na masizi. Ndiyo maana kila baada ya pigo bomba lilisuguliwa kwa sponji yenye maji. Kaa moja likibaki hai humo ndani, anayeshindilia baruti mpya ndiye wa kwanza kufa.

Nikamuuliza kuhusu gobori la marisaa, yaani bunduki ya kushindiliwa kwa mdomo inayorusha risasi ndogondogo za kuwindia ndege, maana mtandaoni wapo wanaodai kwamba baruti ikizidi ndipo marisaa yanafika mbali.

“Hapana, mwanangu. Chukua kipimo kimoja. Kijaze baruti, halafu kijaze marisaa. Ujazo sawa, ndiyo uanzie hapo.”

Baruti ikizidi, gesi hukisukuma kizibo kilicho kati yake na marisaa kwa nguvu hadi kikayavuruga marisaa. Yanatawanyika, ndege anapita katikati salama, na bega lako ndilo linaloumia. Ukitaka yaende yameshikana, punguza baruti kidogo. Na baruti ya kisasa isiyotoa moshi isiguse gobori kabisa, hata chembe: shinikizo lake hupasua kasiba (bomba la bunduki) mkononi. Hili alilirudia, na mimi nalirudia hapa kwa sababu ni uhai wa mtu.

Kwangu maelezo hayo yamezidi thamani ya nilicholipa. Bei patana kabla hamjaanza, na useme unataka mizinga, la sivyo muda utaishia kwenye michoro ya ukutani (mizuri, lakini siyo niliyoifuata). Nenda asubuhi, jua la saa sita juu ya kuta zile halina huruma.

Msiondoke bila kutazama mizinga miwili ya nje, ya meli za kivita Pegasus ya Waingereza na Königsberg ya Wajerumani zilizopigana Zanzibar Septemba 1914. Hiyo ilijazwa kwa nyuma, kitakoni, siyo kwa mdomo kama ya ndani. Mwambie akuoneshe kizibo cha chuma kilipokuwa kikifungwa, kisha ulinganishe na ile ya ndani.