Banda la Majengo lilituonyesha mbio za wanawake Kigali, ila likatuhamisha dakika za mwisho

Mimi huleta maziwa mjini Dodoma kwa baiskeli kutoka Msalato, madumu mawili kwenye keria. Niliposikia mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yanakuja Afrika kwa mara ya kwanza, tena hapo Kigali tu, nilijiwekea kwamba Jumamosi ya tarehe 27 Septemba 2025, siku ya mbio za wanawake, nikishashusha maziwa natafuta pa kutazamia.

Mabanda mawili yalinikatalia, wao mpira tu. La tatu, upande wa Majengo, kijana mwenye banda aliniambia, "Dada, kama unatoa buku kama wengine, karibu ukae." Akaunganisha simu yake na projekta, na saa saba ikipita tukaanza. Tulikuwa wanne. Baadaye wakaongezeka mafundi baiskeli wawili, na hao ndio waliochangamsha banda, maana kila gia ikibadilishwa wao wameshaiona.

Huduma kwa sehemu kubwa ni nzuri. Turubai linazuia jua na ule upepo wa Septemba wenye vumbi, mabenchi yana egemeo, soda ni ya baridi kweli. Chipsi mayai zilikuja za moto, kachumbari haikuwa imelala. Bando lilikata mara moja, picha ikaganda, kijana akaongeza vocha yake mwenyewe bila kunung'unika. Hapo nilimheshimu.

Tatizo lilikuja saa kumi na moja. Watu wa mpira wakajaa, na mbio zilikuwa bado hazijaisha. Mbio hizi zilikuwa za kilomita 164.6, raundi 11 za milima ya Kigali, na mshindi alitumia zaidi ya saa nne na nusu. Ukikatiwa mwishoni, ni sawa na kupikiwa wali ukanyimwa sahani. Tukahamishiwa kwenye televisheni ndogo ya kaunta, karibu na jiko la chipsi. Nilitazama nimesimama, mafuta yakiruka, miguu ikiniuma.

Na huko mwishoni ndiko kulikokuwa na mambo yote! Majina makubwa, akina Demi Vollering na Marlen Reusser, walibaki nyuma wakitazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake atangulie kuwafukuza walio mbele. Mashindano haya hayaruhusu redio za masikioni, kwa hiyo hakuna kocha wa kukunong'oneza kwamba walio mbele wanaondoka. Kwenye kilima cha Kimihurura, kile cha mawe yaliyopangwa, Magdeleine Vallieres wa Kanada akawaacha Niamh Fisher-Black wa New Zealand na Mavi García wa Hispania. Kilima chenyewe ni kama kilomita 1.3 tu. Lakini mtu aliyewahi kupandisha mwinuko na madumu yamejaa, gurudumu la mbele likitaka kunyanyuka, anajua kilomita moja ni nini miguu ikiwa imeisha. Nilipiga kelele hadi muuza chipsi akaacha mwiko.

Tulikuwa tunamwombea pia Kim Le Court wa Mauritius, Mwafrika wa kwanza kushinda Liège–Bastogne–Liège ya wanawake, mbio kubwa za Ubelgiji, Aprili mwaka huohuo. Safari hii jezi ya mistari mitano, ile ya bingwa wa dunia, haikuwa yake. Bado, kumwona Mwafrika akianza mbio hizo akiwa miongoni mwa waliotarajiwa kushinda kulinifurahisha sana.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Mdogo wangu mwenye banda, nilikwambia siku ile na narudia hapa: ukipokea buku ya mtu, mwonyeshe hadi mstari wa mwisho, au tangu mwanzo mweke kwenye televisheni ndogo na benchi lake. Anayetaka kwenda, awahi kiti cha kulia, karibu na nguzo. Baiskeli ifunge hapohapo kwenye nguzo, utaiona muda wote.