Kadi za aya za "Wewe ni wa thamani": zipi za kununua, zipi za kuacha rafuni

Ziko za kubandika kwenye kioo, za kuweka ndani ya Biblia, na zilizofungwa kwa pete unazopindua mezani. Zote zimelengwa kwa mtu yuleyule: Mkristo asiye na shaka kwamba Mungu anaupenda ulimwengu, ila akiambiwa anapendwa yeye, anaanza kuhesabu alipokosea. Pakiti nzuri humfaa sana. Pakiti mbovu humwacha palepale, na maua juu.

Kabla ya kulipa, tafuta kadi tatu.

Kumbukumbu la Torati 7:7-8 mara nyingi haimo kabisa, nasi tunaiona ndiyo nguzo. Israeli hawakupendwa kwa wingi wao, maana walikuwa wachache kuliko watu wote. Walipendwa kwa sababu Bwana aliwapenda. Sababu inamrudia Mungu mwenyewe. Anayejipekua atafute cha kumstahilisha hapati kitu, na hapo ndipo penye nafuu: pendo lisilotokana na sifa zako haliondoki sifa zikipungua.

Luka 15:20 ipo karibu kila pakiti, lakini wengi wanaikata pale baba anapombusu mwanawe aliyerudi. Mwana mpotevu alikuwa amejiandalia maneno ya sehemu tatu (mstari wa 18 na 19): nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Mstari wa 21 anaishia sehemu ya pili. Ombi la utumishi halitamkwi. Baba keshaagiza vazi, pete na viatu. Nyuma ya kadi inatakiwa iandikwe angalau "soma 18 hadi 24", kwa sababu Mkristo anayejidharau ndiye hasa anayekuja na ombi lile la utumishi.

Ya tatu ni Yeremia 29:11, Mungu anaposema anayajua mawazo yake ya amani juu ya watu wake. Ikiwa imebadilishwa kuwa "ninayokuwazia wewe", irudishe rafuni. Maandiko yanasema "ninayowawazia ninyi", katika barua kwa watu waliohamishwa Babeli, na mstari wa 10 umewatajia miaka 70. Msomaji akiichukua kama ahadi ya kazi mwezi ujao, kazi isipopatikana atahitimisha kwamba yeye ndiye hakupendwa. Kadi iliyokusudiwa kumwinua imemwangusha.

Tafsiri nayo iangalie. Zaburi 139:14 katika Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, inasema "nimeumbwa kwa jinsi ya ajabu ya kutisha". Kutisha hapo ni kutia kicho, lakini kwa mtu anayechukia uso wake, akiisoma asubuhi mbele ya kioo, neno hilo linachoma. Mchapishaji makini huongeza maelezo ya mstari mmoja.

Kuhusu karatasi: yenye kung'aa hupendeza dukani, lakini wino wa kalamu haukauki juu yake na andiko lote linachafuka. Chagua isiyong'aa, kwa sababu sehemu muhimu ya kadi ni mgongo wake.

Matumizi: kadi moja kwa siku 7, si moja kila siku. Siku ya kwanza soma sura nzima. Siku ya pili na ya tatu andika nyuma ni nani anayetenda katika aya hiyo. Mara nyingi kitenzi kikuu ni cha Mungu, si chako. Siku zilizobaki isome kwa sauti, hasa baada ya kukosea, si baada ya kufanya vizuri tu. Warumi 5:8 yenyewe inasema Kristo alikufa "tulipokuwa tungali wenye dhambi".

Pakiti zenye visanduku vya kutia alama ya siku ulizosoma hatuzipendi hata kidogo. Ukiruka siku 4 unaanza kuikwepa kadi, kisha Biblia, kisha maombi, na kumbe kilichokusudiwa ni kukuonyesha kwamba hupendwi kwa mahudhurio. Ukishazinunua, vifute kwa kalamu nyeusi.

Pakiti yenye Warumi 8:1 (hakuna hukumu ya adhabu kwa walio katika Kristo) bila 1 Yohana 1:9 (tukiungama dhambi, Mungu hutusamehe) nayo ina pengo: anayebeba dhambi halisi anahitaji kuungama, na kuambiwa tu ajipende hakumtoshi. Na mwenye huzuni ya wiki kadhaa, asiyelala wala kula, aende kwa daktari au mshauri, kadi zitamsubiri.

Yenye aya tatu zile bila kukatwa, karatasi isiyong'aa na mgongo mtupu: nyota 4 kati ya 5. Iliyobaki tumeinyima kwa sababu ya maandishi madogo mno kwa anayesoma kitandani.